Handaki au meli? Kuvuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa na pikipiki

Ukitoka London kwa barabara ya M20 kuelekea pwani ya Kent, utafika kwenye mchepuko namba 11A unaoingia kituo cha treni cha Folkestone. Ukiupita ukasonga mbele kilomita kumi na kitu, unateremka hadi bandari ya Dover, na siku isiyo na ukungu unaiona Ufaransa kwa macho yako ng'ambo ya maji. Hapo ndipo nchi hizi mbili zinapokaribiana zaidi, kama kilomita 33 tu. Lakini pikipiki haivuki yenyewe. Daraja hakuna, na handaki lililochimbwa chini ya bahari ni la reli peke yake: unaingiza chombo chako ndani ya behewa, treni inakubeba. La sivyo unapanda meli.

Waswahili wenzangu wa Uingereza wameniuliza swali hili mara nyingi, hasa wale wanaonunua pikipiki jua linapoanza kuwaka na kutaka kuiona Ulaya kabla baridi haijarudi. Karibu wote huja na hesabu moja: treni dakika 35, meli dakika 90, basi treni. Hesabu hiyo ni ya kweli na haisaidii kitu. Muda wa kuvuka ni kipande kidogo cha siku yako, na mwenye pikipiki ana matatizo mawili ambayo mwenye gari hayajui. Kwanza, chombo chake hakisimami bila kushikiliwa na kitu. Pili, mwili wake ndio bodi: upepo, mvua na uchovu vyote vinaishia kwake. Ukilitazama swali kupitia hayo mawili, majibu yanabadilika kufuatana na unakotoka na unakokwenda.

Nianze na handaki, maana ndilo linaloleta maswali mengi. Watu huuliza kwa nini mtu asiwashe taa akapita mwenyewe. Januari 1986, Margaret Thatcher na François Mitterrand walipokutana mjini Lille kutangaza mradi ulioshinda, kulikuwa na mapendekezo mengine mezani, yakiwamo ya kujenga daraja na barabara. Kikwazo kimoja kikubwa cha barabara kilikuwa moshi. Ukiruhusu maelfu ya magari kunguruma ndani ya bomba la kilomita 50, unahitaji kulivutia hewa safi mchana na usiku, na madereva nao wanatazama ukuta ule ule zaidi ya nusu saa mpaka macho yanalegea. Treni ya umeme haina matatizo hayo. Handaki lilifunguliwa tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth wa Pili pamoja na Mitterrand. Lina urefu wa kilomita 50.5, na karibu 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Kwa kweli ni matundu matatu: mawili ya treni, moja la kwenda na moja la kurudi, na katikati yake tundu jembamba la huduma na uokoaji. Kila mita 375 kuna njia ya kupenya kutoka tundu la treni kuingia hilo la katikati.

Tahadhari ndogo kwa wanaonunua tiketi kwa mara ya kwanza: Eurostar ni treni ya abiria kutoka London kwenda Paris na Brussels, na haibebi vyombo. Unayoitaka wewe ni LeShuttle, ambayo wengi bado wanaiita Eurotunnel, kati ya Folkestone na Coquelles, kijiji kilicho ubavuni mwa Calais.

Ndani yake kukoje? Magari madogo hupanda mabehewa ya ghorofa mbili, pikipiki huingia mabehewa ya ghorofa moja. Wahudumu huzikusanya pikipiki pamoja na kuziingiza kwa kundi. Unaingilia ubavuni, unakata kona ya taratibu, kisha unatambaa kwa gia ya kwanza ndani ya ukumbi mrefu mwembamba wenye taa, kama korido ya hospitali, hadi unapoonyeshwa mahali pako. Unaegesha kwa mshazari, stendi ya pembeni chini, injini imezimwa, gia ya kwanza imeingizwa ili gurudumu la nyuma lisibingirike. Hakuna mtu anayekuja na mikanda. Milango inafungwa na wewe unabaki hapo hapo na pikipiki yako. Kiti hakuna. Unasimama, au unakaa sakafuni na suruali yako ya ngozi, mgongo ukutani, ukimtazama mwenzako aliyetoka Leeds akila ndizi.

Kutofungwa mikanda huwatisha wengi, na ilinitisha mimi pia. Maelezo yake ni mepesi. Pikipiki iliyosimama kwenye stendi ya pembeni inaanguka pale tu sakafu inapoinama upande wa pili, au inapopigwa kumbo la ghafla. Treni hii haifanyi lolote kati ya hayo. Mteremko mkali kabisa wa handaki hauzidi asilimia 1.1, mwendo wake wa kilomita 140 kwa saa unafikiwa polepole, na reli imenyooka kiasi kwamba kikombe cha chai ukikiweka sakafuni kinabaki na chai yake. Utakachokisikia ni masikio kuziba na kuzibuka. Treni ndani ya tundu husukuma hewa mbele yake kama bomba la sindano, na ili kupunguza nguvu hiyo wajenzi walitoboa mifereji ya hewa inayounganisha matundu mawili ya treni kila mita 250. Meza mate, inapita.

Kwa hiyo treni ni rahisi, na kwa pikipiki ndiyo njia isiyo na vituko. Lakini mtu asikudanganye kwamba ni mapumziko. Unasimama nusu saa na nguo zako nzito mwilini, helmeti mkononi, hakuna chakula, hakuna dirisha la maana. Dakika chache baada ya milango kufunguliwa uko kwenye barabara kuu ya A16, upande wa kulia, malori yakikupita. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyezaliwa kwenye kushoto, huo ni mshtuko. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi watacheka, maana wao hapo ndipo wanaporudi nyumbani.

Sasa meli. Aliyezoea pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni ana picha kichwani: unaingia na pikipiki katikati ya watu na mikokoteni, unabaki umeikalia, mguu mmoja chini, dakika chache baadaye mlango wa chuma unashuka na wewe unatoka kwanza kuliko magari. Dover si hivyo. Sehemu ya magari iko tumboni mwa meli, chini, na meli ikishang'oa nanga hapaswi kubaki mtu huko. Unapanda ngazi kwenda juu kwenye mikahawa na viti, mlango unafungwa nyuma yako, na pikipiki inabaki peke yake gizani na bahari kwa saa moja na nusu. Kila kitu kinategemea ulivyoifunga.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pikipiki zinapoumia. Meli huyumba kwa namna mbili: pua hupanda na kushuka, na mbavu hulala huku na huku. Kulala kwa mbavu ndiko kukubwa, na pikipiki nyingi huegeshwa zikitazama mbele au nyuma, kwa hiyo meli ikilala, pikipiki inasukumwa ubavuni. Stendi iko kushoto. Meli ikilala kuelekea kushoto kwa pikipiki, stendi inapokea uzito. Ikilala kulia, hakuna kinachoizuia isipokuwa uzito wa pikipiki yenyewe, na mawimbi yakizidi uzito huo unashindwa. Kazi ya mkanda ni kuzuia upande huo wa pili. Unapitishwa juu ya kiti, ncha zake zinafungwa kwenye pete za chuma sakafuni pande zote mbili, kisha unakazwa kwa racheti mpaka shokomzoba za nyuma zinashuka kidogo. Kidogo, narudia. Ukikaza hadi mwisho, chemchemi haina tena nafasi ya kupumua na mkazo wote unakwenda kwenye mkanda na kiti. Ukilegeza, pikipiki inadundadunda, kila mdundo mkanda unapata ulegevu, na ulegevu huo ndio mwanya wa kuangukia.

Je, stendi ya kati, ile mafundi wetu wanayoiita dabo? Usiitumie melini kama una ile ya pembeni. Dabo inainua gurudumu moja hewani, kwa hiyo pikipiki inasimama juu ya miguu miwili miembamba na tairi moja, na meli ikiinamisha pua inaweza kusogea mbele ikajikunja yenyewe. Stendi ya pembeni ikivutwa chini na mkanda inakuwa pembetatu pana yenye matairi mawili na mguu mmoja, shokomzoba zote zikishiriki. Nimeona watu wakibishana juu ya hili mpaka chai inapoa, lakini mabaharia wengi niliokutana nao wanataka ya pembeni, na wao ndio wanaoziokota zilizoanguka.

Halafu kuna jambo la breki ya mbele. Gia ya kwanza inazuia gurudumu la nyuma, la mbele liko huru. Chukua kipande cha mpira wa tyubu, ule ule ambao bodaboda wetu wanafungia mizigo, zungusha kwenye hendeli na mkono wa breki ya mbele uikaze ibaki imeshikwa. Hauna gharama na unakaa mfukoni. Chini ya mkanda, mahali unapogusa kiti, weka glovu za zamani au kitambaa, maana mkanda wa melini umeshashika mafuta na chumvi ya pikipiki mia zilizotangulia na utakuachia mchoro.

Na sakafu yenyewe. Ni chuma kilichopakwa rangi, kina vinundu vya kufungia mizigo, na kikilowa kinateleza kama sahani yenye sabuni. Ingia wima, bila kuinamisha pikipiki, bila breki ya mbele ya ghafla, na usikanyage vinundu hivyo kwa mshazari. Mara moja, kwenye meli ambayo sitaitaja, baharia alinirushia mkanda akaondoka kuhudumia malori. Niliufunga vibaya, upande mmoja tu. Niliporudi pikipiki ilikuwa imeegemea ya jirani kama walevi wawili, kioo changu kimevunjika na tangi lake limebonyea. Mwenye pikipiki ile alikuwa mstaarabu kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo nafunga mwenyewe, napiga picha, kisha naomba baharia aikague.

Juu ya ngazi, hata hivyo, meli inakulipa. Kuna chakula cha moto, choo cha heshima, kiti unachoweza kulalia, upepo wa sitaha. Mwili uliopigwa na baridi ya M20 kwa saa mbili unapata saa moja na nusu ya kuwa mtu tena. Kama unachafukwa na moyo baharini ni habari nyingine. Aliyevuka mkondo wa Nungwi kuelekea Pemba msimu wa kusi akashika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili anajijua, na mlango wa bahari wa Dover ukipigwa na upepo wa kusini magharibi haucheki na mtu, ingawa meli zake ni kubwa na hutulia kuliko boti za Unguja.

Turudi kwenye muda, tukiuhesabu kwa uaminifu. Kwa treni unatakiwa kufika kama saa moja kabla, upite kwenye pasipoti, usubiri kuitwa, upande, uvuke, ushuke. Kwa uzoefu wangu, kutoka geti la Folkestone hadi barabara ya Ufaransa ni saa moja na nusu hadi mbili. Kwa meli ya Calais ni kama saa tatu, na ya Dunkirk, ambayo huvuka kwa saa mbili, inazidi hapo. Tofauti halisi ni saa moja na kidogo. Ukishuka kwenye treni ukiwa na njaa na mgongo mkavu, ukasimama kituo cha kwanza cha mafuta kula na kujinyoosha, nusu ya tofauti hiyo imekwisha.

Saa zenyewe pia zinachanganya. Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima, na tiketi huandikwa kwa saa za unakoondokea. Ukiondoka Folkestone saa tatu na dakika 20 asubuhi, unafika saa tano kasoro dakika 5 za Ufaransa. Ukirudi mambo yanageuka: unaondoka Coquelles saa nne kamili, unafika Folkestone saa nne kasoro dakika 25, yaani kabla hujaondoka. Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, kumbuka tiketi inayosema 09:20 ni hiyo saa tatu na dakika 20. Nimemwona mtu mzima aliyechelewa treni kwa kulisahau hilo, na nikimtaja nitajitaja mwenyewe.

Mpaka hapa nimelinganisha Folkestone na Dover, ambazo ni majirani, na ng'ambo yake Coquelles na bandari ya Calais, ambazo ni majirani pia. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba swali linaishia kwenye kona hiyo ya Kent. Handaki liko mahali pamoja. Meli ziko nyingi, na baadhi zinakusogezea mamia ya kilomita ambazo tairi lako lingezila.

Chukua mtu wa Leeds anayetaka kwenda Uholanzi. Kwenda Folkestone ni zaidi ya kilomita 400 za barabara kuu, kuizunguka London, halafu Ufaransa, halafu Ubelgiji yote. Bandari ya Hull iko chini ya kilomita 100 kutoka kwake, na meli ya usiku inamshusha Rotterdam asubuhi akiwa amelala na kuoga. Mtu wa Newcastle ana meli ya usiku hadi IJmuiden, pua ya Amsterdam. Aliye mashariki, karibu na Ipswich au Cambridge, ana Harwich kwenda Hoek van Holland. Wa kusini anayetaka Normandy au Bretagne ana Portsmouth kwenda Ouistreham au Saint-Malo, na Plymouth kwenda Roscoff. Hao wote wakienda Folkestone kwa sababu treni ni dakika 35, wanachoma siku nzima kuokoa saa moja.

Mfano mkali kuliko yote ni Hispania. Kutoka Calais hadi Santander kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenye gari ni siku ndefu na nusu. Kwenye pikipiki ni siku mbili za barabara kuu iliyonyooka, ada za barabara zikilipwa kila baada ya muda, hoteli ya usiku mmoja, na tairi la nyuma linalolika katikati mpaka linakuwa bapa kabla hujafika kwenye milima uliyoinunulia. Meli za kutoka Portsmouth na Plymouth zinakwenda Santander moja kwa moja. Ni safari ya kulala, inagharimu, na Ghuba ya Biscay ikikasirika utajuta. Lakini ukijumlisha mafuta, ada, hoteli na tairi, ile bei ya meli iliyokutoa jasho inaanza kufanana na akili. Anayekwenda Ujerumani, Uswisi au Italia hesabu yake ni tofauti: Calais iko njiani kwake, na hapo ubishi wa treni na meli una maana.

Bei sizitaji kwa tarakimu kwa sababu hupanda na kushuka kama za ndege, kufuata siku na saa. Mwenendo wake ni huu: treni huwa ghali kuliko meli ya Dover, pikipiki hulipa pungufu ya gari, na saa za usiku ni nafuu. Meli kwa kawaida huhesabu chombo na watu, treni huhesabu chombo. Ukiwa na kigari cha abiria kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki, au trela yake, liseme wakati wa kununua, usilifanye habari mpya getini. Vyombo vinavyotumia gesi ya LPG haviruhusiwi handakini kabisa.

Kwa wengi wetu, kinachoamua safari ni karatasi, na hapa njia hizi zinatofautiana kwa namna ambayo watu hawaitegemei. Dover na Folkestone, polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti yako ukiwa bado kwenye ardhi ya Uingereza. Ni makubaliano ya nchi mbili: ya handaki yalitiwa saini Sangatte mwaka 1991, ya bandari Le Touquet mwaka 2003. Maana yake kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza kwa kibali: visa yako ya Schengen ikiwa na kasoro, unajua hapo hapo, unageuza pikipiki na kulala kwako. Ukitokea Portsmouth, Plymouth, Harwich au Hull, mpaka wa Ulaya uko ng'ambo. Unaweza kulala melini usiku mzima, ukashuka, ndipo ukaambiwa urudi. Kama kuna kitu chochote kwenye visa kinachokupa wasiwasi, pita Kent. Tangu Oktoba 2025 umeanza pia mfumo mpya wa kuwasajili kwa alama za vidole na picha ya uso wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya, basi ongeza muda kwenye hesabu yako na uvue glovu mapema.

Vingine vya kubeba ni vilevile kwa njia zote mbili. Kadi ya pikipiki, ile Wakenya wanayoiita logibuku, iwe halisi. Kibandiko cha herufi UK kilichochukua nafasi ya GB mwaka 2021. Ufaransa inadai dereva na abiria wake wavae glovu zilizothibitishwa, sheria hiyo ni ya tangu Novemba 2016, na uwe na fulana ya kung'aa ya kuvaa ukiharibikiwa barabarani. Baadhi ya taa za pikipiki za Uingereza zimepindishwa kushoto na zitawapiga machoni wanaokuja, kwa hiyo utafute kibandiko cha kuzielekeza. Na sambusa za nyama alizokufungia mama zile upande huu. Tangu Uingereza iondoke kwenye soko la Ulaya, nyama na maziwa haviingii huko mkononi mwa msafiri.

Bado kuna lile jambo ambalo watu hawalisemi mpaka uwaulize mara ya pili: hofu. Wengine hawataki kuwa chini ya bahari. Wengine, na miongoni mwa watu wa pwani yetu na wa Ziwa Victoria ni wengi, hawataki kusikia habari ya meli. Siwalaumu. Mwaka 1994 peke yake unatosha kuvuruga kichwa. Tarehe 29 Aprili feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, wakafa watu 272. Siku saba baadaye handaki la Uingereza na Ufaransa likafunguliwa kwa bendi na utepe. Septemba mwaka huo huo meli ya Estonia, iliyokuwa ya kubeba magari, ikazama Baltiki na watu 852. Miaka miwili mbele ikaja MV Bukoba.

Meli za aina ya Dover zina udhaifu wao wa asili. Sehemu ya magari ni uwanja mmoja mpana usio na kuta za kati, na maji yakiingia humo hukimbilia upande mmoja yote kwa pamoja na kuivuta meli ilale. Ndivyo ilivyokwenda kwa Herald of Free Enterprise tarehe 6 Machi 1987: iliondoka Zeebrugge kuelekea Dover milango ya mbele ikiwa wazi, ikalala ubavu ndani ya dakika chache tu, watu 193 wakafa. Baada ya hapo, na baada ya Estonia, sheria za milango na za uthabiti wa meli zilikazwa. Ile kufungiwa nje ya sehemu ya magari ambayo inawaudhi wenye pikipiki ni sehemu ya nidhamu hiyo ya kuweka mlango umefungwa na watu juu.

Handaki nalo limeungua. Tarehe 18 Novemba 1996 moto ulishika treni ya malori, ukaharibu kipande kirefu cha handaki, lakini watu wote 34 waliokuwamo walitoka hai kupitia lile tundu la katikati. Mabehewa ya malori yale yalikuwa na mbavu za wazi, na madereva wake husafiri kwenye behewa lao mbali na mizigo. Yetu sisi yamefungwa pande zote, yana vigunduzi vya moshi na milango ya kuzuia moto kati ya behewa na behewa, na ndiyo sababu tunaruhusiwa kusimama kando ya tangi la petroli. Agosti 2022 treni moja iliyotoka Calais ilikwama, abiria wakatembea kwa miguu ndani ya tundu la huduma hadi treni nyingine. Kilichojeruhiwa zaidi ni subira yao.

Kukwama kwenyewe kunafuata tabia tofauti. Meli huahirishwa na upepo, na upepo hutabiriwa siku mbili kabla, kwa hiyo unaweza kujipanga. Handaki halijui dhoruba, linasumbuliwa na umeme na mitambo, ambavyo havitoi taarifa. Barabara ya M20 huathirika kwa vyote viwili: bandari ikijaa, malori hupangwa foleni barabarani na Kent nzima inanuka dizeli. Pikipiki, angalau, hupenya.

Mimi naishi kusini ya London na mara nyingi naelekea milima ya Vosges au Uswisi, kwa hiyo Calais ni njia yangu. Kwenda, nachukua treni ya alfajiri. Mwili una nguvu, barabara ni tupu, na saa niliyoiokoa nataka niitumie kuipita Reims kabla ya joto. Kurudi, nachukua meli. Siku kumi za tandiko zimeshaingia kiunoni, na kilichobaki ni M20, barabara nisiyoipenda hata nikiwa mzima. Nafunga mkanda wangu, napanda juu, nakula samaki na chipsi za bei ya wizi, nalala dakika 40 mezani kichwa kikiwa juu ya helmeti. Meli inayoondoka Calais saa kumi jioni inafika Dover saa kumi na nusu kwa saa za huku, na jua la kiangazi bado liko juu kunitosha kufika nyumbani.